Kipimo cha Kolesteroli cha Kidole na cha Maabara: Kipi Ukiamini?

Ijumaa moja, siku chache kabla ya Ramadhani, tulipotoka kuswali tulikuta hema limepigwa karibu na msikiti. Vijana waliovaa fulana nyeupe walikuwa wakipima presha, sukari na kolesteroli bure. Foleni ilikuwa ndefu na jua la kaskazi lilikuwa kali, lakini nani atakataa cha bure? Nilisimama kama dakika arubaini. Nilipofika mezani nilidungwa kidole, damu ikatiwa kwenye mashine ndogo ya kushikwa mkononi, na baada ya dakika chache nikaandikiwa kwenye kikaratasi: 6.3. Yule kijana akaniangalia kwa huruma, akaniambia, "Mzee, hii iko juu. Achana na nazi."

Siku tisa baadaye nilikwenda maabara ya hospitali, nikatolewa damu ya mkononi. Jibu lilikuwa 5.4. Mtu ni yule yule, chakula ni kile kile, na nazi sikuwa nimeiacha bado.

Ningeyachukulia haya kama mzaha lau si yaliyomfika ami yangu katika hema hilo hilo. Yeye ana kisukari, na miaka miwili kabla alipata kiharusi kidogo ambacho Mwenyezi Mungu alimnusuru nacho. Tangu hapo alikuwa anameza dawa ya kolesteroli kila usiku. Siku ile aliandikiwa 4.4 na kuambiwa "uko sawa kabisa". Alirudi nyumbani kwa furaha, akaweka dawa kabatini, hakuigusa tena. Miezi minne baadaye kliniki ilipompima, kolesteroli ile mbaya ilikuwa imepanda kupita ilivyokuwa kabla hajaanza dawa, na daktari wake alishika kichwa.

Mimi niliogopeshwa na ami akaliwazwa, sote kwa tone moja la damu. Tangu siku hiyo nimesoma sana na kuwauliza wataalamu wa maabara ninaowajua kuhusu jambo hili. Mimi si daktari. Lakini nimeona ni vyema kuandika niliyoyapata, kwa sababu mahema haya yamekuwa mengi mitaani kwetu, na wengi wetu hatujui kikaratasi kile kinaweza kubeba uzito gani.

Ni nini hasa kinachopimwa

Kolesteroli ni aina ya mafuta ambayo mwili wenyewe hutengeneza, hasa kwenye ini, na nyingine huingia kwa chakula. Mwili unaihitaji kwa kujenga kuta za chembe na homoni. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, husafirishwa ndani ya damu yakiwa yamefungwa kwenye vifurushi vidogo.

Kifurushi cha LDL ndicho watu hukiita kolesteroli mbaya. Kikizidi, mafuta yake hujikusanya kwenye kuta za mishipa mwaka baada ya mwaka, hadi siku mshipa wa moyo au wa ubongo unapoziba. HDL huitwa kolesteroli nzuri, kwa kuwa inashiriki kurudisha mafuta kwenye ini. Kuna pia trigliseridi, mafuta ya kuhifadhi nguvu, ambayo hupanda sana baada ya chakula chenye sukari na mafuta mengi.

Kwa vipimo vya hapa Kenya, majibu huandikwa kwa milimoli kwa lita. Kwa mtu asiye na maradhi, kolesteroli yote kwa jumla ikiwa chini ya 5.2 huhesabiwa nzuri, kuanzia 5.2 hadi 6.1 ni ya mpakani, na 6.2 kwenda juu ni ya juu. Trigliseridi hutakiwa kuwa chini ya 1.7. HDL hutakiwa kuwa zaidi ya 1.0 kwa mwanamume na zaidi ya 1.3 kwa mwanamke. Jamaa akija na majibu kutoka Marekani utaona namba kama 200 au 240. Usishtuke, ni miligramu kwa desilita. Gawanya kolesteroli kwa 38.67 utapata namba yetu: 200 ni sawa na 5.2.

Zingatia jambo moja hapa. Namba moja ya jumla haikuambii LDL ni ngapi na HDL ni ngapi. Watu wawili wanaweza kuwa na 5.3 wote wawili, mmoja akiwa na HDL nzuri na mwengine akiwa na LDL ya kutisha. Mashine nyingi ndogo za mahemani hupima jumla pekee.

Maabara inafanya kazi vipi

Maabara huchukua mililita kadhaa za damu kutoka kwenye mshipa wa mkono. Damu huachwa igande, kisha chupa huzungushwa kwa kasi mpaka chembe nyekundu zishuke chini na maji ya manjano yabaki juu. Maji hayo ndiyo yanayopimwa. Mashine huyachanganya na vimeng'enya ambavyo huivunja kolesteroli na kuacha rangi. Kolesteroli ikiwa nyingi, rangi inakuwa nzito zaidi, na mashine husoma uzito wa rangi hiyo kwa mwanga.

Kinachoipa maabara nguvu ni nidhamu inayoizunguka mashine. Kila siku, kabla ya kupima damu za wagonjwa, mtaalamu hupima kwanza maji maalumu ambayo kiwango chake kinajulikana. Mashine ikitoa namba isiyofanana, kazi husimama hadi irekebishwe. Zaidi ya hapo, maabara nzuri hutumiwa sampuli za mtihani kutoka nje bila kuambiwa jibu, na majibu yake hulinganishwa na ya maabara nyengine.

Hata hivyo maabara nayo si malaika. Chupa inaweza kubandikwa jina la mwengine, damu inaweza kukaa juani kabla ya kufikishwa, na ziko maabara za vichochoroni ambazo maji ya kujipima hayajafunguliwa tangu yaliponunuliwa. Hapa kwetu mtaalamu wa maabara anatakiwa awe amesajiliwa na bodi ya KMLTTB, na maabara iliyopita mtihani wa kiwango cha kimataifa cha ISO 15189 hupewa hati na shirika la KENAS. Unaposema "maabara" maana iwe hiyo, si chumba chochote chenye darubini.

Na ile mashine ya mezani?

Mashine za papo hapo zilibuniwa ili mgonjwa apate jibu akiwa bado mbele ya daktari, au kitandani wodini. Zinazojulikana zaidi ulimwenguni ni kama Cholestech LDX, CardioChek na Accutrend. Zinatumia kanuni ile ile ya vimeng'enya na rangi, lakini kila kitu kimekaushwa na kupangwa ndani ya kistripu au kikaseti kidogo. Tone la damu likiingia, tabaka la juu huzuia chembe nyekundu, maji hupita chini, rangi hutokea, na mashine humulika na kusoma mwanga unaorudi.

Damu inayotumika ni kidogo mno. Kwa baadhi ya mashine hizi ni takriban mikrolita 40, chini ya tone la kawaida la maji. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kosa dogo ambalo katika chupa ya mililita tano lisingeonekana, katika tone moja huwa kubwa. Damu ikiwa pungufu, ikichanganyika na jasho, au stripu ikiwa imeshika unyevu, namba inaweza kutoka tu, na mashine si kila mara itakuambia kuwa namba hiyo imeharibika.

Lakini tusizidhulumu. Mashine nzuri, ikitumiwa na mtu aliyefundishwa, inaweza kukaribia sana majibu ya maabara. Huko Uingereza, mpango wa serikali wa kuwapima afya watu wa miaka 40 hadi 74 huruhusu kutumia mashine hizi. Shirika la Afya Duniani nalo huzitumia katika uchunguzi wake wa maradhi yasiyoambukiza unaoitwa STEPS, ambao Kenya iliufanya mwaka 2015. Lakini uchunguzi wa maelfu ya watu unatafuta wastani wa taifa, na hapo makosa madogo ya juu na ya chini yanaweza kufutana. Wewe uliyekaa kwenye kiti ni mtu mmoja. Hakuna wa kulifuta kosa lako.

Kosa linaruhusiwa kuwa kubwa kiasi gani

Hakuna kipimo kisicho na kosa kabisa, hata cha maabara. Ndiyo maana wataalamu wa Marekani, katika mpango wao wa taifa wa elimu ya kolesteroli, waliweka mipaka: kolesteroli ya jumla isikosee kwa zaidi ya asilimia 8.9, LDL asilimia 12, HDL asilimia 13, na trigliseridi asilimia 15. Mipaka hii ndiyo hutumika mara nyingi kuzipima hata mashine ndogo.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kolesteroli yako ya kweli ni 5.2. Mashine iliyo ndani ya mpaka wa asilimia 8.9 inaweza kukuandikia chochote kati ya 4.7 na 5.7, na bado ikahesabiwa imefaulu mtihani. Ukiandikiwa 4.7 utaambiwa huna neno. Ukiandikiwa 5.7 utaambiwa uko mpakani, jihadhari.

Ongeza na jambo la pili: mwili wenyewe haukai mahali pamoja. Kolesteroli ya mtu mzima hupanda na kushuka siku hadi siku kwa kiasi cha asilimia 5 au 6, hata kama kipimo hakina kosa lolote. Mwenye wastani wa 5.5 anaweza kuwa na 5.2 leo na 5.8 wiki ijayo. Trigliseridi ndizo hubadilika zaidi, hupita asilimia 20. Ndiyo sababu madaktari hawapendi kuanza dawa za maisha kwa kipimo kimoja, wakikosa haraka hutaka viwili vilivyopishana kwa muda, kisha huchukua wastani.

Kwa hivyo, tofauti ya 0.3 au 0.4 kati ya hema na maabara haitoshi kusema mmoja amekosea. Lakini yangu, ya 6.3 na 5.4, ni karibu asilimia 17. Sehemu inaweza kuwa ni mwili. Sehemu nyengine, nikikumbuka jua lile na foleni ile, naona ilitoka mezani.

LDL nyingi hazipimwi, huhesabiwa

Hili lilinishangaza. Mara nyingi, kwenye mashine ndogo na hata kwenye maabara nyingi, LDL haipimwi moja kwa moja. Huhesabiwa kwa kanuni iliyochapishwa mwaka 1972 na Friedewald na wenzake: chukua kolesteroli ya jumla, toa HDL, kisha toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2.

Tuchukue mtu ambaye jumla yake ya kweli ni 5.8, HDL 1.2 na trigliseridi 1.8. LDL yake ni 3.8. Sasa mashine ndogo ikosee kidogo tu, isome jumla 6.2 na HDL 1.1. Makosa yote mawili yako ndani ya mipaka tuliyoitaja. LDL itatoka 4.3. Makosa madogo mawili yameshikana mikono yakazaa moja kubwa, na linaweza kumsukuma mtu kwenye dawa asiyoihitaji. Yakienda upande wa pili, yatamfichia hatari aliyonayo.

Kanuni hiyo pia huvunjika kabisa trigliseridi zikizidi 4.5. Hapo maabara hulazimika kupima LDL yenyewe au kutumia njia nyengine. Ukiona kwenye kikaratasi sehemu ya LDL imeachwa wazi au imewekwa vistari, huenda hiyo ndiyo sababu. Usikubali mtu akujazie namba kwa kukisia.

Yanayoharibu kipimo cha kidole

Haya ndiyo mambo ambayo nimeyaona yana uzito, hasa kwa sisi watu wa pwani.

*Joto na unyevu.* Mikebe mingi ya stripu imeandikwa isihifadhiwe kwenye joto la kupita nyuzi 30. Kwetu, wakati wa kaskazi, hata kivulini joto hupita hapo, sembuse ndani ya hema au buti la gari. Unyevu wa bahari nao huingia kila mkebe unapoachwa wazi. Stripu iliyopikwa na jua haibadiliki sura, inabadilisha jibu.

*Mikono.* Losheni nyingi zina gliserini, na kipimo cha trigliseridi hufanya kazi kwa kuhesabu gliserini. Kidole kilichopakwa losheni asubuhi kinaweza kutoa trigliseridi za uongo za juu. Spiriti ya kusafishia isipokauka nayo huchafua damu. Maji na sabuni, kisha kukausha vizuri, ndiyo dawa.

*Kukamua kidole.* Damu ikigoma kutoka, mpimaji hukiminya kidole kama ndimu. Hapo maji ya nyama huchanganyika na damu na kuizimua, na jibu hushuka. Tone la kwanza lifutwe, la pili ndilo lipimwe, na lijitokee lenyewe.

*Kusimama.* Ukisimama muda mrefu, sehemu ya maji ya damu hutoka kwenye mishipa na kuingia kwenye nyama za miguu, damu inabaki nzito, na kolesteroli huonekana juu. Mtu akilala chali kwa dakika 20 inaweza kushuka kwa takriban asilimia 10. Ndiyo maana inashauriwa ukae kitako dakika tano kabla ya kupimwa. Mimi nilitoka foleni ya dakika arubaini nikadungwa hapo hapo. Maabara nayo ina kosa lake linalofanana na hili: kufunga kamba mkononi kwa zaidi ya dakika moja huifanya damu ya pale kuwa nzito.

*Upungufu wa damu.* Mashine inayotumia damu nzima hutegemea kiasi cha chembe nyekundu. Maelezo ya kila mashine hutaja kiwango ambacho nje yake jibu haliaminiki. Mama mwenye upungufu mkubwa wa damu, au mgonjwa wa selimundu, bora aende maabara moja kwa moja.

*Dawa na hali ya mwili.* Vitamini C kwa dozi kubwa inaweza kushusha jibu, kwa kuwa huingilia ile rangi, na hili hugusa pia njia ya maabara. Ujauzito hupandisha kolesteroli. Maradhi makali, operesheni au shambulio la moyo huishusha kwa wiki kadhaa. Hapo kipimo si kibovu, ila wakati ndio si wake.

*Chakula.* Zamani kila mtu aliambiwa akae na njaa saa 12. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya walikubaliana kwamba kwa kipimo cha kawaida si lazima tena, kwa sababu baada ya chakula cha kawaida trigliseridi hupanda kwa kama 0.3 na LDL hushuka kwa kama 0.2 tu. Zikizidi 5, basi urudie ukiwa na njaa. Lakini sahani ya biriani ya harusini si chakula cha kawaida, na daktari wako akikutaka uje bila kula, mfuate. Mashine inayohesabu LDL kwa kanuni ndiyo huathirika zaidi na tumbo lililojaa.

Funzo la Theranos

Kama kuna mtu anadhani haya ni maneno ya kuwatetea wenye maabara tu, akumbuke kampuni ya Theranos ya Marekani. Elizabeth Holmes aliianzisha mwaka 2003 akiahidi vipimo chungu nzima kwa matone machache ya damu ya kidole. Matajiri na wakubwa wa nchi wakaingiza fedha zao.

Mwaka 2016 watafiti wa chuo cha tiba cha Mount Sinai, New York, walichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima 60 wenye afya huko Arizona. Damu zao zilipimwa na Theranos na maabara kubwa mbili za kawaida. Kolesteroli ya jumla ya Theranos ilitoka chini kwa wastani wa asilimia 9.3. Linganisha na ule mpaka wa 8.9 uliotajwa juu, nao ni mpaka wa kosa lote la kipimo, si wa wastani wake. Watafiti walionya kwamba tofauti ya namna hiyo inatosha kubadilisha uamuzi wa daktari kuhusu dawa. Mwezi wa Januari 2022 Holmes alipatikana na hatia ya kuwalaghai wawekezaji, na baadaye akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11.

Mashine za mezani nilizozitaja si Theranos, nazo zimepimwa na kuchapishwa matokeo yake kwa miaka mingi. Funzo ni kwamba kosa la asilimia tisa halionekani kwa macho. Waliopewa namba zile waliziamini kama tunavyoziamini sisi kikaratasi cha hemani.

Basi kipimo cha kidole kina kazi gani?

Kina kazi kubwa, kikiwekwa mahali pake. Kazi yake ni kuchuja. Wako watu wengi kwetu ambao hawajawahi kupimwa kolesteroli maishani, kwa sababu maabara iko mbali, gharama ni kubwa, au hawaumwi popote. Kolesteroli haina dalili, haiumi wala haiwashi. Hema likimkuta baba wa miaka hamsini ana 7.5, hata mashine ikiwa imekosea kwa asilimia kumi, bado yuko juu, na hema limemfanyia hisani kubwa kumpeleka hospitali.

Kipimo kinapokuwa hatari ni pale namba inapokuwa karibu na mpaka, kati ya 4.7 na 6.0, na watu wengi wako hapo. Namba ya hapo usiifanyie uamuzi wowote mpaka maabara ithibitishe.

Na kipimo hakifai kabisa kwa mtu kama ami yangu. Yeye alikuwa kwenye dawa. Kolesteroli yake ilikuwa 4.4 *kwa sababu* ya dawa. Kuacha dawa kwa kuona namba nzuri ni kama kukunja mwavuli katikati ya mvua kwa kuwa hujalowa. Isitoshe, mtu aliyewahi kupata kiharusi au maradhi ya moyo hapimwi kwa mizani ya mtu mzima wa afya. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2019 inataka LDL ya watu wa hatari kubwa sana ishuke chini ya 1.4. Hema lilimpima jumla pekee. LDL yake hakuna aliyeijua siku ile, hivyo neno "uko sawa" halikuwa na msingi hata kama mashine ilisoma sawasawa.

Faida inayopotea si ndogo. Utafiti uliokusanya majaribio mengi ya dawa za jamii ya statini umeonyesha kwamba LDL ikishuka kwa 1.0, hatari ya shambulio la moyo, kiharusi na mengineyo ya mishipa hupungua kwa takriban moja ya tano.

Tena, daktari haangalii kolesteroli peke yake. Jedwali za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 za kukadiria hatari ya moyo huchanganya umri, jinsia, sigara, presha, kisukari na kolesteroli. Ziko hata za mahali pasipo na maabara, ambazo badala ya kolesteroli na kisukari hutumia uzito na urefu wa mtu. Mvuta sigara mwenye presha na kolesteroli ya 5.0 anaweza kuwa hatarini zaidi ya bibi asiyevuta mwenye 6.0.

Ukifika kwenye hema

Usione haya kuuliza. Mtu anayejua kazi yake atafurahi.

1. Uliza mashine inapima nini: jumla pekee, au HDL na trigliseridi pia.
2. Angalia mkebe wa stripu: tarehe ya kwisha, kama umefunikwa, na kama uko kivulini. Mashine nyingi hutaka namba au chipu ya mkebe ule ule ilingane.
3. Uliza kama leo wamejaribu mashine kwa maji ya kujipima.
4. Kaa kitako dakika tano. Nawa kwa sabuni, kausha.
5. Waambie dawa unazomeza, ujauzito, au maradhi uliyopata karibuni.
6. Chukua jibu kwa maandishi, likiwa na tarehe, kizio chake, na kama ulikuwa umekula.
7. Jibu likiwa juu au mpakani, nenda maabara iliyosajiliwa upime mafuta yote kamili. Ukilinganisha vipimo vya miezi tofauti, tumia maabara ile ile.
8. Usianze dawa, usiache dawa, wala usinunue chupa ya mitishamba ya elfu mbili iliyopangwa pembeni ya hema, kwa sababu ya kikaratasi kile.

Na nyinyi mnaopanga mahema haya, Mungu awalipe kheri. Ombi langu ni dogo. Wekeni viti kwenye foleni, wekeni ndoo ya maji na sabuni, hifadhini stripu kwenye kasha la baridi lisilo na unyevu, na aandikiwe kila mtu chini ya namba yake: "Hiki ni kipimo cha awali, thibitisha hospitali. Usiache dawa zako." Kalamu na wino ndiyo gharama yake.

Ami yangu amerudi kwenye dawa zake na, alhamdulillahi, yuko salama. Mimi daktari aliniambia kwa 5.4 na umri wangu nitembee zaidi, nipunguze bajia za jioni, na nirudi kupima baada ya miezi sita katika maabara ile ile. Kile kikaratasi cha 6.3 nimekiweka ndani ya pochi. Kila nikikutana na hema, nakitoa nikamwonyesha aliye mbele yangu kwenye foleni, nikamwambia apime, ila asiishie hapo.